Biashara na Kompyuta Shuleni: Msingi wa Wote au Kichochoro cha Waliokosa Sayansi?

Mtoto anayeingia kidato cha kwanza nchini Tanzania leo anakutana na somo ambalo dada yake aliyemaliza miaka michache iliyopita huenda hakulisoma hata siku moja. Ni Elimu ya Biashara. Mtaala ulioandaliwa kufuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, umelifanya kuwa somo la lazima kwa mkondo wa jumla na kwa mkondo wa amali, yaani wa ufundi. Kabla ya hapo biashara na utunzaji wa hesabu yalikuwa masomo ya kuchagua, na katika sekondari nyingi za kata hakukuwa na cha kuchagua kwa sababu mwalimu wake hakuwapo.

Kompyuta haikupata bahati hiyo. Imebaki somo la hiari, na hiari ya mwanafunzi katika jambo hili huamuliwa na vitu ambavyo hana mamlaka navyo: umeme, chumba chenye mlango imara, mashine zinazowaka na mtu wa kuzifundishia. Kwa hiyo tumefanya nusu ya jambo. Tumekubali kwamba kila kijana anahitaji kujua mtaji, faida na deni ni nini, lakini tumeiacha kando zana ambayo ndiyo inayotumika sasa kuvihesabu.

Tazama kazi ya wakala wa miamala, ambayo maelfu ya vijana wa kidato cha nne wameishia kuifanya tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Asubuhi anagawa mtaji wake kati ya fedha taslimu na floti, yaani salio la simu, ya mitandao mitatu au minne. Akikosea mgawo huo, kufikia saa sita mchana anarudisha wateja. Jioni lazima ajue kamisheni imeingia kiasi gani, muamala upi ulikwenda namba isiyo yake, na pengo la shilingi elfu ishirini limetoka wapi. Muuzaji wa duka la Kariakoo naye anatoa risiti kwa mashine ya kielektroniki (EFD), analipia leseni kwa namba ya malipo ya Serikali na kuagiza mzigo kwa simu. Katika kazi hizi huwezi kuonyesha mahali biashara inapoishia na kompyuta inapoanzia. Ni ratiba ya masomo tu inayovitenganisha.

Wapo wenye mashaka, na mashaka yao yana historia nyuma yake. Mwaka 1965 mwanasosholojia Philip Foster, akiandika kuhusu Ghana, alidai kwamba shule za ufundi haziwezi kubadili ndoto za vijana, kwa kuwa ndoto hizo zinafuata mishahara. Kama ofisi ndiyo inayolipa vizuri, mzazi atamsukuma mwanawe kwenye masomo ya ofisini hata ukimpa jembe na nyundo bure. Tanzania ilijaribu kumpinga kwa vitendo. Baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na Azimio la Musoma la 1974, sekondari zilipewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu. Shinyanga, shule ya biashara ikajulikana nchi nzima kwa jina la Shycom. Kisha mwaka 1985 George Psacharopoulos na William Loxley wakachapisha, kwa niaba ya Benki ya Dunia, uchunguzi wao wa elimu ya namna hiyo katika Colombia na Tanzania. Hitimisho lao halikuwa zuri kwa watetezi wa michepuo. Iligharimu zaidi kuliko elimu ya kawaida, na wahitimu wake hawakuonekana kuwazidi wenzao kwa ajira wala kipato kwa kiwango cha kuhalalisha gharama hiyo. Michepuo ikafifia taratibu, na karakana nyingi zikageuka stoo za madawati mabovu.

Ukisoma historia hiyo haraka utasema tunarudia kosa. Mimi naisoma tofauti. Mchepuo wa biashara ulimwandaa kijana kwa nafasi fulani mezani kwa mwajiri mmoja: karani, mtunza stoo, mhazili wa wizara au shirika la umma. Mashirika hayo yalipobinafsishwa au kufungwa katika miaka ya 1990, meza ziliondoka na waliozoezwa kuzikalia wakabaki wima. Walichosoma hakikuwa cha kijinga. Kosa lilikuwa kukifunga kwenye kazi moja.

Chukua upigaji chapa. Kulikuwa na vijana waliokwenda Chuo cha Uhazili Tabora wakasoma hati mkato na taipureta kwa bidii, wakapimwa kwa idadi ya maneno kwa dakika, na ulikuwa ujuzi wa heshima kabisa. Nchini Kenya uchapaji ulikuwa hata somo la mtihani wa sekondari, hadi mabadiliko ya mtaala ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalipokusanya masomo ya kibiashara kuwa somo moja. Kompyuta ilipoingia ofisini, mkurugenzi akaanza kuchapa barua zake mwenyewe. Lakini linganisha na utunzaji wa hesabu kwa pande mbili, kanuni kwamba kila muamala huandikwa mara mbili, upande unaotoa na upande unaopokea. Mtawa wa Kiitaliano Luca Pacioli aliieleza kitabuni mwaka 1494. Programu ya kwanza ya majedwali kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979 na kurahisisha kazi ya karatasi nyingi. Kanuni ya Pacioli haikuguswa. Imo ndani ya kila programu ya uhasibu inayouzwa leo.

Hapo ndipo ninapopima mtaala wowote wa biashara au kompyuta: je, unafundisha mashine au unafundisha kanuni inayoitumikisha mashine? Somo la kompyuta linalomfanya mtoto akariri kitufe gani kinakoleza maandishi, halafu akaandika jibu hilo kwenye karatasi ya mtihani bila kugusa kompyuta, ni upigaji chapa uliobadilishwa jina. Toleo jipya la programu likija, kitufe kimehama. Anayejua kupanga taarifa katika safu na nguzo, kuandika kanuni ya hesabu, kugundua tarakimu inayodanganya na kueleza hatua za kazi kwa mpangilio ambao mashine itaufuata, huyo atahama nacho.

Tuna ushahidi mpya zaidi kuliko ule wa 1985, na unatoka karibu. Rwanda ilifanya ujasiriamali kuwa somo la lazima sekondari, kisha watafiti Moussa Blimpo na Todd Pugatch wakafuatilia shule zaidi ya 200, baadhi zikiwa zimepewa mafunzo ya ziada kwa walimu ili wafundishe kwa vitendo. Walimu walibadilika kweli. Wanafunzi wengi zaidi walijihusisha na biashara zao. Ila waliofanya kazi za kuajiriwa walipungua kwa kiasi hichohicho, na kipato kwa jumla hakikuongezeka. Matokeo haya yanatutaka tuwe waangalifu na ahadi. Waziri akisema somo la biashara litamaliza tatizo la ajira, anamtwika mwalimu wa kidato cha pili mzigo wa benki kuu, wa mamlaka ya mapato na wa wawekezaji kwa pamoja. Shule inaweza kumwezesha kijana asidanganywe kwenye mkataba, ajue kama duka lake linakula mtaji, na aweze kutuma maombi ya kazi au ya mkopo bila kumlipa mtu wa stesheneri amjazie. Hayo si madogo. Naomba tuyadai hayo, na tuyadai kwa ukali.

Kenya inatufundisha jambo jingine. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu, yaani sekondari ya juu, likitoka katika watahiniwa zaidi ya milioni 1.1 wa mwaka uliotangulia, na kila mmoja akapangwa katika mojawapo ya njia tatu: ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya sayansi za jamii; au ya sanaa na michezo. Somo la Kompyuta limewekwa njia ya kwanza. Biashara imewekwa ya pili. Ipo michanganyiko inayomruhusu mwanafunzi kuvuka uzio kwa somo moja, lakini hakuna shule inayoweza kufundisha michanganyiko yote, na mtoto wa shule ya kutwa ya kijijini atasoma ule ambao walimu wake wapo. Mwenye akili ya biashara anaweza kujikuta hana kompyuta, na mwenye kompyuta akakosa mtu wa kumwonyesha jinsi programu nzuri inavyofilisika kwa kukosa bei sahihi. Taifa lililozaa M-Pesa lilikuwa na kila sababu ya kuweka biashara na kompyuta chumba kimoja.

Hata hivyo Wakenya walirekebisha jambo moja ambalo nawapongeza. Mpango wa awali uliacha Hisabati iwe ya hiari kwa wasiokwenda njia ya sayansi. Wazazi na walimu wakapiga kelele, na mwaka 2025 Serikali ikakubali kwamba wote wataisoma, kwa viwango viwili tofauti. Kwetu Tanzania, kwa miaka kadhaa ya karibuni, wanaofaulu Hisabati kidato cha nne wamekuwa kati ya moja ya tano na robo tu ya watahiniwa. Takwimu hiyo inaathiri mjadala huu wote. Kuna mazoea mabaya sana, shuleni na nyumbani, ya kumwelekeza anayeshindwa hesabu na fizikia kwenye biashara kana kwamba huko hesabu hazipo. Anafika kwenye riba, uchakavu wa mali na mtiririko wa fedha, anagonga ukuta uleule, na safari hii anaambiwa hana akili hata ya biashara. Nimeona walimu wazuri wakivunjika moyo kwa kupokea darasa lililoundwa na waliokataliwa kwingine. Dharau hiyo inaliua somo kabla halijaanza, na haitaondoka kwa tangazo la wizara. Itaondoka siku watoto wenye alama za juu watakapoonekana wakilichagua, na hawatalichagua kama wanaamini linafunga mlango wa chuo kikuu.

Ndiyo maana suala la milango nalipa uzito kuliko suala la vitabu. Mwaka 2024 tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo, za kidato cha tano ziliongezwa kutoka 16 hadi 65. Kwenye karatasi ni upana mkubwa. Kwa mtoto wa Kibondo au Liwale upana wake ni ule unaofundishwa katika shule atakayopangiwa. Vilevile mkondo wa amali umeahidi kumpa mhitimu vyeti viwili, cha elimu ya sekondari na cha ufundi. Ahadi hiyo itakuwa na maana pale tu ofisi za udahili zitakapovisoma vyote viwili kwa usawa. Kijana wa miaka 16 aliyechagua TEHAMA ya amali akigundua akiwa na miaka 19 kwamba anataka uhasibu, asiambiwe aanze upya. Ngazi iliyopo ipitike: cheti, diploma katika chuo kama Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), ambacho kimekuwapo tangu 1965, shahada, na mitihani ya bodi ya wahasibu kwa anayeitaka.

Kuhusu kompyuta, pingamizi la gharama ni la kweli. Maabara kamili kwa kila sekondari haitapatikana upesi, na tukiisubiri tutawapoteza watoto wa leo. Lakini msingi ninaouzungumzia hauhitaji mashine arobaini. Kila shule tayari ina biashara ndani yake: mgahawa, mradi wa kuku, bustani, michango ya chakula, mahindi yaliyovunwa shambani. Kidato cha kwanza watunze vitabu vya miradi hiyo kwa kalamu, kila wiki, kwa miamala halisi. Kidato cha pili wahamishie hesabu hizohizo kwenye Excel au programu ya bure inayofanana nayo, kwa zamu, hata kama kompyuta ni tano. Kidato cha tatu waulizwe maswali magumu: kuku walikula faida mwezi gani, na kwa nini? Shule nyingi zinawaficha wanafunzi hesabu hizi, na nadhani sababu inajulikana. Kuzifungua kungefundisha somo na kusafisha mfuko kwa wakati mmoja.

Lugha pia inahitaji uamuzi wa wazi. Elimu ya Biashara inafundishwa kwa Kiingereza kwa watoto ambao wengi wao walikutana na lugha hiyo kama somo tu hadi darasa la saba, ilhali soko linaendeshwa kwa Kiswahili kuanzia sakafu ya Kariakoo hadi ofisi ya mikopo ya halmashauri. Maneno yote yanayohitajika yapo na yanatumika kila siku. Mwalimu anayeeleza mizania kwa Kiswahili, kisha akampa mwanafunzi istilahi za mtihani, havunji sheria ya ualimu. Anafundisha.

Kipimo changu cha somo hili kingekuwa kitu kinachoonekana. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba kinatakiwa kuwa na andiko la mradi, makadirio na kumbukumbu za fedha, na maombi siku hizi hupitia mfumo wa kompyuta. Wahitimu watano wa kidato cha nne kutoka shule yoyote ya kata waweze kukaa pamoja, wakaandaa andiko hilo wenyewe, wakalituma wenyewe, na mwaka mmoja baadaye wakaonyesha vitabu vyao.

Muda uliobaki si mrefu. Walioanza mkondo wa amali mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza kidato cha nne mwaka 2027. Mwaka huohuo, kwa sababu elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita, darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Wote watadai mwalimu wa biashara. Vyuo vyetu vina wahitimu wa uhasibu na wa TEHAMA wanaokaa nyumbani bila kazi. Wapewe mafunzo mafupi ya ualimu, wapangiwe shule za kata, na kila halmashauri itangaze kabla ya 2028 ni shule zake zipi zina mwalimu huyo na zipi hazina.