BOMBA LA MAJI MACHAFU NALO LATAKA GENGE LAKE



Sisi watu wa reli tunayajua maji. Katika njia ya Londiani, Kipkelion (ndiyo Lumbwa ya zamani) na Fort Ternan, kalvati moja ikizibwa na majani usiku wa mvua, asubuhi tuta limekwenda na reli zaning'inia hewani. Ndiyo sababu, tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia ililindwa na magenge: kila genge na maili zake, na mtu wa kuitembea kwa miguu, mvua au jua. Hakungoja ajali ndipo aitwe.

Sasa tunauliza: bomba la maji machafu lipitalo chini ya mji, genge lake li wapi?

Tumeona kwa macho yetu katika mji mmoja wa nchi hii ya chai. Mvua ilinyesha siku tatu, vifuniko vikanyanyuka, uchafu ukatiririka mbele ya maduka mpaka mtoni. Ndipo wakubwa wakatoka kutafuta vibarua. Vijana wawili walipewa mwanzi na ndoo, bila viatu vya mpira, wakaambiwa washuke. Jioni wakalipwa ujira wa siku moja wakaenda zao. Mvua ya pili, yakawa yale yale.

Wakubwa husema kosa ni la mvua. Hapana! Mvua ya Kericho haikuanza jana. Chai yenyewe ilipandwa hapa kwa ajili yake. Bomba hufurika kwa sababu zinazojulikana: maji ya paa yameelekezwa humo, mafuta ya hoteli yameganda, matambara yametupwa, mizizi ya miti imepenya katika maungo. Anayefungua vifuniko kwa zamu huyaona hayo mapema. Maji yakisimama katika shimo moja, na shimo lifuatalo chini yake likiwa kavu, kizibo ki katikati. Mtu wa kudumu anajua. Kibarua wa leo hajui hata bomba lapita wapi.

Tena kuna mauti. Ndani ya mashimo hayo hukaa gesi inukayo kama yai bovu. Ikizidi, pua huzimika, mtu akadhani hewa ni safi. Huanguka. Mwenziwe hushuka kumwokoa, naye huanguka. Asishuke mtu pasipo kipimo cha gesi, mkanda na kamba, na wenziwe juu tayari kumvuta.

Wako wasemao: sisi wa kambi za chai tuna vyoo vya shimo, bomba la mji latuhusu nini? Latuhusu, maana mto hausimami mjini. Nyangores hupita Bomet ukaingia Mara. Maji ya Kipkelion hushuka Nyando hadi ziwani. Mama atekaye maji chini ndiye anywaye uzembe wa juu.

Wala kazi hii si ya aibu. Tom Mboya alikuwa bwana afya wa mji wa Nairobi, akaona mwafrika analipwa kidogo kuliko mzungu kwa kazi ile ile. Mwaka 1953 akaongoza kuunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema usafi ni haki ya kila mtu, na kazi ya maji machafu imekabidhiwa kaunti. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mmoja, ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, genge la kudumu kwa kila mji wenye bomba, na daftari la ukaguzi. Pili, vyombo vya kulinda uhai kabla ya kifuniko kufunguliwa. Tatu, bomba likifurika, watu wa chini ya mto waambiwe siku ile ile, na sababu itafutwe, si kufagia tu.

Ndugu, ukiitwa kushuka bila kamba, kataa, na sisi sote tukatae pamoja nawe.