Kisu cha Mhunzi na Somo la Ufipa

Wanachama wenzetu,

Katika mkutano mkuu ujao litaletwa shauri la kununua visu vya kugawiwa wanachama kabla ya msimu wa kuchuma. Wako wanaosema tununue vya dukani, kwa kuwa ni rahisi. Sisi twaona vinunuliwe kwa wahunzi wa kisiwani kwetu, na hoja yetu twaitoa mbali, huko bara, katika uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mji mkubwa ni Sumbawanga.

Wafipa, wakaao baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, walikuwa mafundi wakubwa wa chuma. Walichimba mawe yenye chuma, wakajenga matanuri ya udongo yaitwayo malungu, marefu kupita kimo cha mtu, wakapanga ndani yake mkaa na mawe hayo. Malungu hayakuvukutwa: chini yaliachwa matundu, na moto wenyewe ukavuta upepo kwa siku kadha. Chuma kilichopatikana kilitiwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, na hilo ndilo lililovukutwa kwa mivukuto. Hapo tena mhunzi akafua jembe, shoka, mkuki na kisu.

Kisha zikaja bidhaa za chuma kutoka Ulaya kwa bei nafuu. Wanunuzi wakageuka, na katika karne ya 20 malungu yakazimika. Udongo haukupotea, wala mawe, wala mkaa. Aliyepotea ni mnunuzi. Na alipokwenda yeye, vijana hawakuona haja ya kujifunza. Leo baadhi ya malungu yangali yamesimama, lakini hayana moto.

Nani ajuaye haya kuliko sisi? Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu. Ilipopanda mikarafuu yake hata ikajitosheleza, katika miaka ya 1980 bei ilituangukia. Basi tusimfanyie mhunzi yale yaliyotuumiza wenyewe.

Wala hatusemi kwa huruma tu. Kisu cha mhunzi hufuliwa kwa springi ya gari kuukuu. Msuka wake huingia ndani ya mpini wa mti mgumu uliokauka, ukabanwa kwa noleo. Mpini ukivunjika hutiwa mwingine. Makali yakiisha kisu hurudi kwenye fuawe. Cha dukani kikilegea mpini, aghalabu hutupwa, ukanunuliwa mwingine. Iko wapi rahisi hiyo?

Na ala ya ngozi si pambo. Mchumaji apandaye mkarafuu na kisu kitupu kiunoni, mguu ukimteleza, kisu chake mwenyewe ndicho kitakachomjeruhi. Kwa hiyo twataka kila kisu kitolewe pamoja na ala yake.

Yasemwa kwamba wahunzi hukawia. Ni kweli, lakini dawa yake ni kuwaagizia mapema na kuwalipa sehemu ya fedha kabla. Nao, kwa upande wao, kila mmoja ampokee kijana mmoja wa mwanachama amfundishe kazi.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Tafadhalini, siku ya kupiga kura tazameni makali, msitazame mng'aro.