Twendeni Mkutanoni



Mwaka 2021 Tanzania iliahidi mbele ya mataifa kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ya kiwango ambacho kingefikiwa tusipochukua hatua. Kwetu sisi sehemu kubwa ya gesi hizo hutoka kwenye pori linalofyekwa, shamba linalochomwa moto, zizi, jaruba lililojaa maji na dampo linalooza. Waziri hawezi kuyafikia hayo yote kutoka Dodoma. Sisi tunayafikia, tena kwa mamlaka ya sheria, kupitia vikao tunavyovikimbia: mkutano mkuu wa kijiji na mkutano wa mtaa.

Nianze na msitu, maana hapo ndipo tunapopoteza zaidi. Kati ya mwaka 2002 na 2013 nchi yetu ilipoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Tumezoea kuutupia lawama mkaa peke yake, na kweli mkaa una sehemu yake, lakini kinachomaliza misitu yetu ya miombo kwa kasi ni mashamba mapya: mahindi, ufuta, mihogo, shamba la miaka michache linaloachwa udongo ukichoka ili lifyekwe jingine mbele. Na karibu nusu ya misitu na mapori ya nchi hii imo ndani ya ardhi za vijiji. Mwenye kuamua juu yake ni wewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji haki ya kutenga msitu wake wa hifadhi, kuutungia sheria ndogo na kupata mapato ya mazao yake.

Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, nao unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Lakini ni mara ngapi tumeambiwa akidi haikutimia? Mkutano ukiahirishwa, pori haliahirishwi. Mwenye fedha anakuja na shoka lake, anamwona mtu mmoja ofisini, na msimu ukifika tunashangaa moshi.

Kilosa wapo waliofanya vingine. Kuanzia 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hiyo vilitenga sehemu ya misitu yao kwa mkaa endelevu. Eneo la kuvuna hugawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, kimoja kikakatwa na cha jirani kikaachwa, na kilichokatwa hupumzishwa miaka 24. Visiki havichimbwi, hivyo machipukizi hurudi yenyewe mradi moto na jembe visiingie. Mchoma mkaa analipa ushuru kijijini, na mkutano mkuu unaamua fedha iende kwenye darasa, zahanati au kisima. Nawaomba tulitazame jambo hili kwa makini: watu wanaolipwa na msitu wao wana sababu ya kuulinda usiku na mchana.

Biashara ya hewa ukaa nayo imefika vijijini. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vimeanza kupata mapato kwa kuacha misitu yao isimame. Naiunga mkono, kwa sharti moja: mkataba usomwe mkutanoni kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, ijulikane ni wa miaka mingapi na kijiji kinabaki na fungu gani, kabla mwenyekiti hajashika kalamu.

Kwa wakulima wa mpunga, chombo chenu ni chama cha umwagiliaji. Maji yanayotuama jarubani wiki baada ya wiki huzalisha methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 huongeza joto zaidi ya mara 80 kuliko kiasi hichohicho cha hewa ukaa. Kilimo shadidi, kile kilichojaribiwa Mkindo mkoani Morogoro, huotesha miche michanga, mmoja mmoja kwa nafasi, na kuacha jaruba likauke kidogo kabla ya kulinywesha tena. Maji yanapungua na mavuno yanaweza kupanda. Lakini huwezi kukausha jaruba lako ikiwa la jirani linavujia kwako. Zamu za maji lazima zipangwe na skimu nzima, na ratiba iheshimiwe na aliye juu ya mfereji kama aliye chini.

Mjini ni taka. Nyingi tunazotupa ni mabaki ya chakula, maganda na majani, na zikishafukiwa bila hewa kwenye dampo kama la Pugu, Dar es Salaam, hutoa methani ileile. Tukizitenga jikoni zinakuwa mboji, au chakula cha kuku na nguruwe. Mtu mmoja akitenga, mzoa taka atazichanganya tena kwenye guta. Mtaa mzima ukikubaliana, mkataba wa mzoa taka unaweza kuandikwa upya: ndoo mbili, siku mbili tofauti, na ada ionekane imefanya kazi gani.

Wazazi, mnayo kamati ya shule. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ulizeni jiko la shule yenu linapikia nini leo, na bajeti ya jiko jipya iko wapi.

Basi wiki hii nenda kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, uliza tarehe ya mkutano ujao, na uombe mambo matatu yaingie kwenye ajenda: ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi, sheria ndogo ya moto, na taarifa ya mapato ya msitu au ya taka. Kisha pita nyumba kumi za jirani uwaambie siku na saa, ili akidi itimie.