Usiiachie mashine maneno yako

Wewe unayeposti video kila wiki, hebu jiulize: kiziwi anapata nini kwako? Anaona mdomo ukicheza tu. Na hayuko peke yake. Hata yule aliyebanwa kwenye matatu bila earphone anakupita.

Wengi wenu mnabonyeza kitufe cha kapsheni za mashine, kisha basi. Lakini mashine haijakulia Kayole wala Kongowea. Changanya Kiswahili, Kiingereza na Sheng uone itakavyokuandikia vituko! Sisi tunaosikia tutacheka. Kosa likiangukia bei au dozi ya dawa, kiziwi atalijuaje? Maandishi hayo ndiyo sauti yako kwake.

Kwa hivyo chagua vizuri. Kwenye YouTube, pakia faili ya SRT kando na video. Mtazamaji atayawasha na kuyazima maandishi apendavyo, nawe ukigundua kosa utarekebisha faili tu, video ibaki ilivyo. Lakini video ya kutumiana kwa WhatsApp haisafiri na faili hiyo. Hapo bandika maandishi ndani ya picha yenyewe: herufi kubwa, mistari miwili, pasipofunikwa na vitufe.

Mashine ikuandikie rasimu, sawa. Kuisoma neno kwa neno ni kazi yako.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki ya mwenye ulemavu kupata mawasiliano yanayomfaa. Usingoje serikali ikukumbushe. Kabla ya kuposti, zima sauti uitazame video yako. Umeelewa kitu?