Kamati ya ufundi haiwezi kuushtua moyo

Kwenye ndondo za Mbalizi, kamati zikikaa hujadili jezi, waamuzi na zawadi ya bingwa. Moyo wa mchezaji ni nadra kuwemo kwenye ajenda.

Desemba 4, 2016, Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kijana Ismail Khalfan wa Mbao FC U-20 aliifunga Mwadui. Muda mfupi baadaye akaanguka. Hakuamka tena.

Mchezaji akianguka bila kuguswa, wapo watakaosema karogwa. Hapana. Moyo unaendeshwa na umeme. Kila seli yake ina vimilango. Kwanza sodiamu inaingia kwa kasi kama winga aliyeachiwa nafasi, umeme unawaka. Kisha kalsiamu inaingia, msuli unabana na kusukuma damu. Mwisho potasiamu inatoka, seli inatulia na kusubiri pigo lijalo. Kazi yote hiyo haifiki hata nusu sekunde.

Sasa wapo wanaozaliwa na vimilango vyenye hitilafu. Vya potasiamu vikizembea, seli inachelewa kutulia, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla, hasa mtu akiwa kwenye mbio kali. Kwa macho yuko fiti kabisa. Kwa wengine shida ni msuli wenyewe kunenepa, kama ilivyokuwa kwa Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyefia uwanjani Lyon mwaka 2003.

Christian Eriksen wa Denmark alianguka Juni 12, 2021. Alikandamizwa kifua haraka, akashtuliwa kwa mashine, na mwaka uliofuata alirudi kucheza. Tofauti ilikuwa watu waliojua la kufanya, tena papo hapo.

Mashine ni ghali kwa timu ya mtaani, sawa. Lakini mikono ni bure. Kila timu iwe na watu wawili waliofundishwa kukandamiza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Gari liwe tayari, Hospitali ya Ifisi ipo hapo hapo Mbalizi. Na kijana anayepanda ligi za juu apimwe umeme wa moyo kabla ya kusaini, maana kipimo hicho hubaini hitilafu nyingi mapema.

Hela ya "kamati ya ufundi" ielekezwe huko. Mwamuzi anayekagua vilinda ugoko aulize na hili: akianguka mtu, nani anamkimbilia? Kama hakuna jibu, filimbi isipulizwe.