Takwimu Huanza na Neno

Aghalabu wanafunzi wa Kiswahili huwaachia wenzao wa kitivo cha tiba suala la takwimu za vifo vya watoto, kana kwamba tarakimu hazina lugha. Msimamo huo siuafiki.

Kwa mujibu wa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watoto takriban milioni 4.9 walifariki duniani mwaka 2022 kabla ya kutimiza miaka mitano. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha vifo 115 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 41. Ni hatua ya kutia moyo. Hata hivyo, kuhesabu waliokufa ni jambo moja, kujua kilichowaua ni jingine.

Mtoto anapofia nyumbani, hakuna daktari wa kuandika sababu. Katika maeneo ya utafiti kama vile Kilifi, mdadisi humwendea mama baada ya matanga, akamhoji kuhusu dalili alizoziona. Majibu hayo ndiyo yanayofasiriwa, na madaktari au na programu ya kompyuta, kuwa malaria, nimonia au kuhara. Hapo Kiswahili kimekwisha kuingia takwimuni, tutake tusitake. Mama akisema mwanawe alikuwa na homa, amekusudia joto la mwili au mafua? Wakenya wengi hulitumia neno hilo kwa maana zote mbili. Akitaja kichomi, ni maumivu ya ubavu au ni nimonia? Na degedege je? Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wenyeji waliuona kuwa ugonjwa wa pekee, wa kutibiwa kwanza na mganga wa jadi. Tabibu naye huona humo dalili ya malaria kali. Kosa dogo la tafsiri, likirudiwa katika hojaji elfu, huhamisha vifo kutoka safu moja hadi nyingine, na fedha za vyandarua au za chanjo huifuata safu.

Nitajibiwa kwamba hojaji ya Shirika la Afya Duniani huuliza dalili, si majina ya maradhi. Naam. Basi na tujaribu kumweleza mama, kwa Kiswahili anachokielewa (naye pengine ni Mgiriama), kifua kinachobonyea mtoto avutapo pumzi.

Tumejadili visawe vya istilahi za kompyuta kwa miaka mingi. Sioni kwa nini tasnifu mbili tatu zisichunguze jinsi akina mama wa Kilifi, Busia na Garissa wanavyokueleza kupumua kwa shida, tena kwa ushirikiano na wanatakwimu wa chuo hiki hiki.