Japani ya Kale Haikuwa Jaruba la Mpunga

Mwulize mtu Japani ya zama za kati ilikuwaje, atakutajia mkulima aliyeinama kwenye jaruba la mpunga na samurai juu ya farasi. Baharini hamwoni mtu, labda haramia. Picha hiyo ni ya uongo, nayo inaniudhi, maana inafuta jamii nzima za watu katika nchi ambayo ni visiwa vitupu.

Mwaka 1420 mjumbe wa Korea, Song Hui-gyeong, alikuwa akirejea kwao kupitia Bahari ya Ndani ya Seto. Walipofika Kamagari akaambiwa kwamba maji yale yana wenyewe, wa mashariki na wa magharibi. Chombo kitokacho mashariki kikipakia mtu mmoja wa upande huo, wa magharibi hawakigusi. Zikalipwa kan 7 za sarafu, mtu akapanda, safari ikaendelea. Huyo aliyepanda aliitwa kaizoku, neno tunalokimbilia kulitafsiri "haramia". Haramia gani huyo anayeketi chomboni mwako ili ufike salama? Alikuwa mlinzi, na ada yake ilikuwa ushuru wa njia.

Anayeidharau kazi hiyo aitazame Noshima, ngome ya akina Murakami, ukoo wa kaizoku wa bahari hiyohiyo. Ni kisiwa kidogo ambacho kukizunguka hakufiki kilomita moja, na maji yanapojaa au kupwa, mkondo wake hukimbia kama mto wa masika. Kwenye miamba ya ufukweni yamebaki mashimo ya nguzo walizofungia vyombo. Nahodha mgeni asiyejua saa ya kupita aliishia mwambani. Walioijua saa hiyo walikuwa na mamlaka ya kweli, hata mwaka 1586 mapadri Wajesuiti wakawaendea kuomba bendera yao wapite kwa amani.

Wengine wa baharini hawakuishi kwa ulinzi. Watu wa kisiwa cha Yuge walililipa hekalu la Tō-ji, kule Kyoto, kodi ya chumvi. Daftari la forodha ya bandari ya Hyōgo la mwaka 1445 limeorodhesha safari za vyombo zinazokaribia 2,000. Mchele wenyewe, unaodaiwa kuwa roho ya nchi, uliingia bandarini humo kwa vyombo hivyo.

Kosa la kuona wakulima tu limetoka kwenye makaratasi. Mwanahistoria Amino Yoshihiko alipigana nalo miaka mingi. Alionyesha kwamba hyakushō, neno ambalo vitabu vililisoma "mkulima", lilimaanisha raia wa kawaida, awe mvuvi, mchemsha chumvi au mwenye meli. Katika rasi ya Noto alikuta ukoo wa Tokikuni, wa karne ya 17, umeandikwa hyakushō, kumbe una meli za biashara zinazofika mbali kaskazini. Alikuta pia watu wasio na ardhi, ambao wasomi waliwahesabu mafukara, na baadhi yao walikuwa wafanyabiashara matajiri wa baharini. Shamba walitakia nini?

Watawala walihesabu mpunga, nasi tumesoma hesabu yao tukadhani ndiyo nchi. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliwapiga marufuku kaizoku. Mwaka 1601 ukoo wa Kurushima, tawi la akina Murakami, ukahamishiwa Mori, bara kabisa, kwenye milima ya Kyushu. Cheo chao kikaandikwa kwa kipimo cha mpunga: koku 14,000.